Printa ni yangu, lakini wino wachague wao?

Swali: Nina steshenari ndogo karibu na chuo hapa Morogoro. Mwaka jana nilinunua printa ya wino kwa bei nafuu, na kwa miezi minane nikawa natumia katriji mbadala, ambazo si za kampuni iliyoitengeneza, bila shida yoyote. Siku moja niliiunganisha na Wi-Fi ili wanafunzi watume kazi zao kwa simu. Kesho yake asubuhi ikaandika kwamba katriji si halisi na imezuiwa. Fundi ameifungua na kuifunga, anasema haina ubovu. Je, kampuni ina haki ya kufanya hivi kwenye kitu nilichokwisha kulipia? Ninunue katriji zao, nibadilishe mashine, au nilalamike mahali? Na kuna mwanafunzi anaitaka hii iliyopo kwa bei ya kutupa, nimuuzie?

Jibu: Ndugu yangu, fundi wako amesema kweli. Mashine haijaharibika, imepokea maagizo mapya kutoka kwa mtengenezaji wake, nayo inayatii. Kuhusu haki, yapo mambo mawili ambayo ni vyema tusiyachanganye. Kuweka kizuizi ndani ya printa, peke yake, katika nchi nyingi hakuhesabiwi kuwa kosa. Kukiweka au kukikaza baada ya mteja kukwisha kulipa, pasipo kumweleza waziwazi siku ya kununua, ndiko kulikozifikisha baadhi ya kampuni mbele ya mahakama na mamlaka za ushindani. Malalamiko yako yana nguvu katika hilo la pili, na jibu langu lote litazunguka hapo.

Kwanza chomoa hiyo katriji uitazame. Kwa katriji nyingi utaona ubavuni kibao chembamba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye vidoti vya rangi ya dhahabu. Vidoti hivyo hugusana na pini zilizomo ndani ya printa, na nyuma yake kuna chipu inayotunza namba ya katriji, makadirio ya wino uliobaki, na aghalabu ufunguo wa siri wa utambulisho. Nasema makadirio kwa sababu mara nyingi chipu haiuoni wino wenyewe. Printa huhesabu matone iliyorusha na kuandika hesabu hiyo kwenye chipu, ndiyo maana katriji uliyoijaza kwa bomba la sindano hadi pomoni huendelea kuonekana tupu kwenye kioo. Kila unapoiwasha, printa huiuliza chipu swali na chipu hutakiwa kujibu. Watengenezaji wa katriji mbadala hujifunza jibu hilo na kulitia kwenye chipu zao wenyewe. Mtengenezaji wa printa naye hana haja ya kuja dukani kwako kuzizuia: hubadilisha swali kwa kutuma sasisho la programu ya ndani ya mashine kupitia intaneti. Miezi yako minane ilikuwa ya amani kwa sababu printa ilikuwa haijapata njia ya kuongea na kwao. Siku ulipoipa Wi-Fi, ikaongea.

Tukio linalofanana sana na lako lilitokea tarehe 13 Septemba 2016. Siku hiyo watu wa nchi mbalimbali wenye aina fulani za printa za HP walikuta katriji mbadala zilizokuwa zikichapa vizuri zimekataliwa kwa pamoja, kwa sababu agizo lilikuwa limekwisha ingizwa ndani ya mashine mapema kwa njia ya sasisho, likingoja tarehe. Kelele zilipozidi, kampuni iliomba radhi mwishoni mwa mwezi huohuo kwa jinsi ilivyowasiliana na wateja, ikatoa programu nyingine ya kuondoa kizuizi kwa kila aliyeitaka, lakini mfumo wenyewe haikuuacha. Kesi ya wateja iliyofunguliwa Marekani ilimalizwa kwa maridhiano ya dola milioni 1.5. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10, na inafaa uangalie kosa lenyewe lilivyoelezwa: kwamba wateja hawakuambiwa kwa uwazi kuhusu mipaka iliyowekewa katriji zisizo za kampuni, na kwamba taarifa za katriji walizotumia zilikuwa zikirekodiwa bila wao kujua. Chipu kuwepo halikuwa ndilo kosa. Kosa lilikuwa ukimya juu yake.

Kwa nini kampuni inajisumbua namna hii kwa ajili ya wino? Kwa sababu faida yake imewekwa humo. Printa ndogo huuzwa kwa bei ya chini sana, pengine isiyorudisha gharama ya kuitengeneza na kuisafirisha, kwa matumaini kwamba mnunuzi atalipa kidogo kidogo kila katriji inapokwisha. Watu hupenda kusema kwamba Gillette, Mmarekani aliyeuza nyembe za kunyolea, ndiye aliyeanzisha mchezo huu, kwamba alitoa mpini wa wembe karibu bure ili apate kwenye nyembe. Kwa kweli Gillette aliuza seti yake kwa dola 5, bei kubwa kwa zama zile, muda wote hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kuwa peke yake katika kutengeneza alichobuni, ilipokuwa hai. Bei ya mpini ilishuka baada ya hataza kumalizika mwaka 1921 na washindani kuingia. Yaani kilichomshusha bei ni ushindani, si ukarimu wala ujanja. Naitaja habari hii kwa kuwa watetezi wa chipu hutwambia kwamba bila kufunga wino printa nafuu zisingekuwepo, kana kwamba hiyo ni kanuni ya maumbile.

Tuwatendee haki pia. Wana hoja nyingine zenye uzito: kwamba wino hafifu huziba vichwa vya printa, yaani sehemu zinazorusha wino kwenye karatasi, halafu lawama ikamwangukia mwenye nembo, na kwamba chipu isiyojulikana asili yake inaweza kubeba programu hasidi. Hoja ya kwanza mimi naikubali, nimeona vichwa vilivyoganda kwa wino wa ajabu ajabu. Lakini dawa yake ni onyo kwenye kioo na sharti la dhamana, mteja akaamua mwenyewe kubeba hasara yake. Kumfungia mashine ni jambo jingine.

Sheria imepambana na jambo hili hasa Marekani, na mfano mzuri ni Lexmark, kampuni ya printa za leza. Desemba 2002 iliishitaki Static Control, kampuni ya North Carolina iliyokuwa ikitengeneza chipu za kuwawezesha wajazaji wa katriji za tona, yaani wino wa unga, kuziuza upya kwa wenye printa za Lexmark. Lexmark hawakusema kwamba mtu ameiba tona. Walisema chipu ile imenakili programu yao, na kwamba kuipita kufuli ya kielektroniki ni kuvunja sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998, ambayo ilitungwa zaidi kwa ajili ya kuzuia wizi wa filamu na muziki. Programu yenyewe iliyodaiwa kunakiliwa ilikuwa na baiti 55 katika toleo moja na pungufu ya hapo katika jingine. Baiti moja hutunza herufi moja hivi. Baiti 55 ni chache kuliko herufi za sentensi hii unayoisoma sasa hivi. Mahakama ya chini iliwapa Lexmark zuio, lakini Oktoba 2004 mahakama ya rufaa ililitengua, ikieleza kwamba mwenye printa tayari anaweza kuisoma programu hiyo moja kwa moja kutoka kwenye mashine yake, kwa hiyo kufuli ile ilifanana na kufuli ya mlango wa nyuma wa nyumba ambayo mlango wake wa mbele hauna kufuli kabisa.

Lexmark ikajaribu tena kwa njia ya hataza. Iliuza katriji za punguzo kwa sharti kwamba zikiisha zisijazwe tena wala kupewa mtu mwingine, kisha ikamshitaki mfanyabiashara mdogo wa West Virginia, Impression Products, aliyekuwa akizinunua tupu, kuzijaza na kuziuza. Tarehe 30 Mei 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwenye hataza akishauza kitu, haki zake za hataza juu ya kitu hicho zimekwisha, awe ameweka sharti au hakuweka, awe ameuza ndani ya nchi au nje. Jaji Mkuu John Roberts alitoa mfano wa gereji inayonunua magari yaliyotumika, kuyatengeneza na kuyauza: biashara hiyo isingewezekana kama kila mtengenezaji wa kipuri angeendelea kuwa na mkono wake juu ya gari baada ya kulipwa. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Ilala kutafuta spea za gari lililotoka Japani ataielewa hoja hiyo bila mwanasheria.

Hata hivyo, usiyachukue maamuzi hayo kama ngao yako. Zaidi ya kwamba hayafungi mahakama za Tanzania, yaliamua tu kwamba sheria haimpi mtengenezaji mkono juu ya kitu alichokiuza. Hayakumkataza kuupata mkono huo kwa chipu na masasisho. Kwa hiyo tuna hali ambayo mahakamani kampuni imeshindwa mara mbili, lakini kwenye kaunta yako imeshinda bila kwenda mahakamani.

Uamuzi unaokugusa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa zamani kidogo, wa mwaka 1992, katika kesi kati ya Kodak na mafundi wa kujitegemea. Kodak iliuza mashine za kutoa kopi, halafu ikakataa kuwauzia mafundi wa nje vipuri ili wateja wote warudi kwake kwa matengenezo. Ilijitetea kwamba haiwezi kumwonea mteja, kwa kuwa soko la mashine lina wauzaji wengi na anayeona matengenezo ni ghali atanunua mashine ya mwingine. Mahakama Kuu ilikataa kulimaliza shauri kwa utetezi huo. Ilisema mnunuzi wa siku ya kwanza huwa hana taarifa za kutosha kupiga hesabu ya gharama za mashine kwa uhai wake wote, na akishailipia amekwama, kwa maana kuitupa na kununua nyingine ni hasara. Hivyo kampuni isiyo na nguvu kubwa katika soko la mashine yaweza kuwa na nguvu kubwa katika soko la vipuri vya mashine hiyohiyo.

Sasa tuje nyumbani. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria hiyo inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na pia inakataza kumpotosha mlaji. Ukilalamika kwa mlango wa kwanza, utaanza na vita ya kuthibitisha kwamba kampuni ina nguvu katika soko husika. Wakili wake atasema soko ni la printa zote zinazouzwa nchini. Wewe itabidi useme soko ni la wino wa printa hii, na hapo hoja za Kodak zitakufaa kama mwongozo wa kufikiri. Ni njia ndefu kwa mwenye steshenari moja. Mlango wa pili ni mwepesi zaidi: nilipouziwa sikuambiwa, si kwenye boksi wala na muuzaji, kwamba printa inaweza kubadilishwa kwa mbali ikakataa katriji ilizokuwa ikizikubali. Litafute boksi, lipige picha pande zote sita, tunza risiti, piga picha ya ujumbe kwenye kioo ukionesha tarehe, na uangalie maandishi madogo kwa makini, kwa sababu siku hizi baadhi ya kampuni huandika kwa herufi ndogo kwamba printa imekusudiwa katriji zenye chipu zao na kwamba masasisho ya mara kwa mara yatazuia nyingine. Kama maandishi hayo yapo, hoja yako inapungua nguvu. Kama hayapo, una la kusema.

Kabla hujaenda, hakikisha katriji zako ni mbadala kweli. Tume hiyohiyo inayolinda ushindani ndiyo inayosaka bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Katriji yenye jina la mtengenezaji wake, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa printa ya aina fulani, ni bidhaa mbadala. Iliyovaa boksi na nembo ya kampuni ya printa ilhali haikutoka kwake ni bandia, na ukiipeleka kama kielelezo utakuwa umejishitaki.

Wapo wanaosema kwamba mamlaka za kwetu haziwezi kuyagusa makampuni makubwa. Julai 2014, baada ya Airtel kulalamika, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliifanya Safaricom iondoe masharti yaliyowafunga mawakala wa M-Pesa wasihudumie mitandao mingine. Ukitafakari utaona ni jambo lilelile: kibanda ni cha wakala, kodi analipa wakala, fedha za mtaji ni zake, lakini mwingine ndiye aliyeamua nani apokelewe dirishani.

Nikuambie sasa kisa kinachonipa matumaini kuliko hukumu zote nilizozitaja, na chanzo chake ni mafundi wa mitaani. Indonesia, kama huku kwetu, watu walichoka na bei za katriji. Mafundi wakawa wanatoboa printa, wanapitisha vimirija na kuviunganisha na machupa ya wino yaliyobandikwa ubavuni. Kazi ya mkono, wakati mwingine wino unavuja mezani, lakini ukurasa unatoka kwa senti. Epson, kampuni ya printa ya Japani, badala ya kuendelea kuwinda vimirija, mwaka 2010 ilianza kuuza hukohuko Indonesia printa yenye matangi yake ya kiwandani, inayojazwa kwa chupa. Mashine ikawa ghali, wino ukawa nafuu, na baadaye kampuni nyingine nazo zikatoa za kwao. Leo steshenari nyingi zenye kazi kubwa zina mashine ya matangi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kubadilisha mashine. Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu. Wewe weka za dukani kwako. Tuseme katriji halisi ni shilingi 45,000 na inatoa kurasa 150: kila ukurasa unakula wino wa shilingi 300, na sidhani kama wanafunzi wako wanakulipa zaidi ya hapo. Tuseme chupa ya wino mweusi ya mashine ya matangi ni shilingi 35,000 na inatoa kurasa 4,500: ukurasa haufiki shilingi 8. Kama unachapa kurasa 100 kwa siku, tofauti ni kama shilingi 29,000 kila siku. Hata mashine ya matangi ikiwa ghali kwa shilingi 450,000 kuliko hiyo yako, pengo limefunikwa katika siku 16 za kazi. Idadi ya kurasa utaikuta kwenye boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Hupimwa kwa viwango vya kimataifa kwa kurasa zenye maandishi ya kawaida, hivyo ukichapa picha na majalada ya rangi itapungua sana.

Mashine ya matangi nayo ina jambo lake. Ndani mna pedi zinazonyonya wino wa kusafishia vichwa, na kuna kaunta, yaani kihesabio cha ndani, inayokadiria wino zilionyonya. Kaunta ikifika kikomo mashine husimama na kudai huduma. Fundi anayezijua atabadilisha pedi na kuirudisha kaunta sifuri, kwa hiyo muulize bei ya kazi hiyo kabla ya kununua. Muulize pia muuzaji maswali matatu ambayo hukuuliza mara ya kwanza: je, inachapa bila kuunganishwa na intaneti, je, masasisho yanaweza kuzimwa, na je, wino wake una chipu. Na kama kuna ndugu wa Marekani au Ulaya anataka kukutumia printa, mkatalie kwa upole, kwa kuwa kampuni kadhaa hugawa dunia kwa kanda na printa ya kanda moja hukataa katriji za kanda nyingine, hata zikiwa halisi.

Kwa hii uliyonayo, mambo ya kujaribu ni machache. Izimie Wi-Fi na uitumie kwa waya wa USB. Tazama kwenye menyu kama masasisho ya moja kwa moja yanazimika. Baadhi ya modeli hukubali kurudishwa kwenye toleo la zamani la programu, nyingine zimefungwa zisirudi. Fundi atajua kwa dakika chache. Likishindikana, nunua katriji halisi seti moja tu, kisha uwe unazijaza hizohizo zikiwa na chipu yake ya asili. Vizuizi vingi vya aina hii huangalia chipu, havina namna ya kujua wino umetoka wapi. Puuza maandishi kwamba wino umekwisha, jaza kabla hazijakauka, na uhesabu kwamba katriji zenye kichwa ndani yake hustahimili kujazwa mara chache kabla mistari haijaanza kukatika.

Na mwanafunzi wako, muuzie. Kwa mtu anayechapa kurasa kumi kwa wiki printa hiyo bado ina maisha. Ila mwandikie kwenye risiti aina ya katriji inayoikubali, bei yake ya sasa, na kwamba mbadala imezikataa, na mwache apige hesabu yake mbele yako kabla hajatoa pesa.